Tiba ya Mawimbi ya Mshtuko kwa Uume Uliopinda: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Ugonjwa wa Peyronie, yaani ule unaoufanya uume wa mtu mzima upinde kwa sababu ya kovu lililoota ndani yake, ni miongoni mwa maradhi ambayo wanaume wengi huyaficha hata kwa wake zao. Palipo na siri na hofu, hapakosi mfanyabiashara. Mashine za mawimbi ya mshtuko hunadiwa kwamba zinanyoosha uume bila kisu, bila sindano na bila kulazwa. Sehemu hii ya kijitabu imeandikwa ili mwananchi wa Tarime, Mugumu, Sirari au Nyamongo ajue, kabla hajauza ng'ombe au kumaliza akiba yake, tiba hiyo inaweza kufanya nini na haiwezi kufanya nini.

Jibu kwa ufupi ni hili: mawimbi ya mshtuko yanaweza kupunguza maumivu ya ugonjwa huu katika miezi yake ya mwanzo. Hayanyooshi uume uliopinda, wala hayaondoi kovu. Anayekutoza fedha kwa ahadi ya kunyoosha anakuuzia ahadi ambayo utafiti umekwisha kuipima na kuikuta haitimii.

Ugonjwa wenyewe ni upi

Jina la ugonjwa linatokana na François Gigot de La Peyronie, daktari mpasuaji wa mfalme Louis wa Kumi na Tano wa Ufaransa, aliyeueleza mwaka 1743. Kwa hiyo si ugonjwa mpya, wala haukuletwa na vyakula vya siku hizi. Si ugonjwa wa zinaa, hauambukizwi, si saratani, na si dalili ya kurogwa au ya kuvunja mwiko. Mke wa mwenye ugonjwa huu hana sababu ya kumshuku mumewe, na mume hana sababu ya kumwogopa mkewe.

Ndani ya uume mna mirija miwili yenye nyama laini mfano wa sifongo, ambayo hujaa damu uume unaposimama. Kila mrija umezungukwa na utando mgumu wenye uwezo wa kutanuka. Katika ugonjwa wa Peyronie, sehemu ya utando huo hugeuka kuwa kovu lisilotanuka. Fikiria tyubu ya baiskeli iliyobandikwa kiraka kinene upande mmoja: ukiijaza upepo, upande usio na kiraka hutanuka, ule wenye kiraka hukataa, na tyubu yote hupinda kuelekea kwenye kiraka. Ndivyo uume unavyopinda kuelekea upande wenye kovu.

Wataalamu wengi wanaamini kwamba kovu huanza baada ya majeraha madogo ya utando huo, mara nyingi wakati wa tendo la ndoa, ambayo kwa baadhi ya watu hayaponi vizuri. Si wote wanaokumbuka kuumia. Ugonjwa huwapata zaidi wanaume wa umri wa kati na wazee, na huonekana zaidi kwa wenye kisukari na kwa wale ambao vidole vyao vya mkono hujikunja kwa sababu ya kovu la kiganja.

Ugonjwa una vipindi viwili. Kipindi cha kwanza huchukua kwa kawaida kati ya miezi 6 na 18. Ndani ya muda huo mgonjwa huhisi maumivu, hasa uume unaposimama, na kipimo cha kupinda huendelea kubadilika. Kipindi cha pili huanza maumivu yanapokwisha na umbo linapotulia. Tofauti ya vipindi hivi viwili ndiyo ufunguo wa kuelewa kwa nini tiba ya mawimbi husifiwa kupita kiasi.

Kuna pia wanaume waliozaliwa na uume uliopinda, ambao waliliona jambo hilo tangu ujana, bila maumivu na bila uvimbe mgumu unaopapasika. Huo si ugonjwa wa Peyronie. Hauna kovu, na mashine ya mawimbi haina kazi yoyote hapo.

Mashine hii ilitoka wapi

Mawimbi ya mshtuko ni mapigo ya mgandamizo yanayotolewa na mashine na kupenya mwilini bila kukata ngozi. Yalianza kutumika kuvunja mawe ya figo: mgonjwa wa kwanza alitibiwa mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Yalifanikiwa sana, na hadi leo ni tiba inayokubalika kwa baadhi ya mawe ya figo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Ulaya wakaanza kujiuliza: ikiwa mawimbi yanavunja jiwe, je, hayawezi kuvunja kovu la uume?

Swali lilikuwa zuri, lakini jiwe na kovu ni vitu viwili tofauti. Jiwe la figo ni gumu na hupasuka likipigwa. Kovu ni nyuzi zilizosukwa pamoja, zinazofanana zaidi na ngozi ya ng'ombe kuliko na jiwe. Ukiigonga ngozi kwa nyundo haivunjiki vipande.

Msomaji azingatie pia kwamba si kila mashine inayoitwa ya mawimbi ya mshtuko ni ya aina moja. Zipo zinazokusanya nguvu zote katika sehemu moja ndani ya mwili, na zipo nyepesi ambazo mapigo yake hutawanyika karibu na ngozi. Hizi za pili hutumiwa sana kwa maumivu ya misuli na ya kisigino. Tafiti zinazoelezwa hapa chini zilichunguza tiba iliyotolewa na madaktari chini ya uangalizi. Mtu asizitumie kuhalalisha mashine yoyote aliyoikuta katika chumba chochote.

Utafiti umeonyesha nini

Ili kujua kama tiba inafanya kazi, watafiti hugawa wagonjwa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja hupewa tiba halisi. La pili hulazwa kwenye kitanda kilekile, husikia mlio uleule wa mashine, lakini mawimbi hayapenyi mwilini. Mgonjwa hajui yuko kundi gani. Kisha matokeo hulinganishwa.

Mwaka 2009 watafiti wa Italia walitoa matokeo ya wagonjwa 100 ambao ugonjwa wao haukuwa umezidi miezi 12. Waliotibiwa walipata nafuu ya maumivu kuliko wale wengine, lakini uume wao haukunyooka. Mwaka 2010 utafiti mdogo zaidi wa Uingereza, uliokuwa na wagonjwa 36, haukuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Utafiti wa tatu, wa Munich, ulichapishwa mwaka 2013 na ulikuwa na wagonjwa 102. Matokeo yake yanastahili kusomwa kwa makini. Miongoni mwa waliokuwa na maumivu, 17 kati ya 20 waliopata tiba halisi walipata nafuu. Lakini katika kundi la mashine isiyopeleka mawimbi, 12 kati ya 25 walipata nafuu pia. Kuhusu kupinda, tiba haikuleta faida. Tena, hali ilizidi kuwa mbaya kwa wagonjwa 20 kati ya 50 waliopata tiba halisi, na kwa 12 kati ya 49 wa kundi la pili.

Kwa kuzingatia ushahidi wa namna hiyo, chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2015 kinachowataka madaktari wasitumie mawimbi ya mshtuko kwa lengo la kunyoosha uume au kupunguza kovu. Kinaruhusu yatumike, kwa hiari, kupunguza maumivu. Mwongozo wa chama cha Ulaya unasema vivyo hivyo.

Kwa nini basi wapo wanaoshuhudia kupona

Si lazima shahidi wa namna hiyo awe mwongo. Mwaka 2006 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya wanaume 246 wenye ugonjwa huu ambao hawakupewa tiba, waliofuatiliwa kwa wastani wa miezi 18. Katika kila 100 waliokuwa na maumivu, 89 yaliwaisha kabisa. Katika kila 100 waliokuwa wamepinda, 12 walipata nafuu wenyewe, 40 walibaki kama walivyokuwa, na 48 walizidi kupinda.

Sasa tuchukue mfano wa mchimbaji wa Nyamongo aliyeanza kuhisi maumivu mwezi Januari. Akivumilia hadi Agosti, kisha akalipia vipindi sita vya mashine, huenda maumivu yakamwisha Oktoba. Kwa haki kabisa ataisifu mashine, hali yangekwisha hata bila mashine. Na akiwa mmoja wa wale 12 ambao uume hunyooka kidogo wenyewe, ushuhuda wake utakuwa tangazo kubwa. Wale 48 waliozidi kupinda hawatasimama barazani kutangaza habari zao, na hakuna kliniki itakayowapiga picha.

Gharama isiyoandikwa kwenye tangazo

Katika tafiti zilizotajwa, tiba ilitolewa mara moja kwa juma, kwa majuma manne hadi sita. Mkazi wa Mugumu anayeifuata tiba hiyo Mwanza kwa vipindi sita anahitaji nauli ya safari kumi na mbili, kwenda na kurudi, pamoja na malazi, chakula na siku za kazi zinazopotea. Anayevuka mpaka wa Sirari kwenda kutibiwa Kenya ana hesabu hiyohiyo, na akidhulumiwa atalazimika kupeleka malalamiko kwa mamlaka za huko, kwa kuwa mamlaka za Tanzania hazisimamii kliniki zilizo nje ya nchi.

Gharama nyingine ni ya muda. Uvimbe au kidonda kwenye uume kinaweza kuwa kitu kingine kabisa, ikiwemo saratani, ambayo hutibika vizuri zaidi ikigunduliwa mapema. Kupinda kunaweza kumtangulia mtu kwenye ugunduzi wa kisukari ambacho hakujua kwamba anacho. Mwendesha mashine asiye daktari hatayaona hayo, na majuma sita ya mawimbi yatakuwa majuma sita ya kuchelewa.

Kwa upande wa madhara, tiba hii kwa kawaida si ya hatari kubwa, lakini inaweza kuleta michubuko, damu kuvilia chini ya ngozi, maumivu wakati wa tiba, na mara chache damu kwenye mkojo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asikubali kabla ya kumwona daktari wake.

Njia inayofaa kufuatwa

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya wilaya. Mweleze mtoa huduma bila kuficha: lini ilianza, kama kuna maumivu, kama umbo bado linabadilika, na kama tendo la ndoa linawezekana. Una haki ya kuzungumza faraghani, na mtoa huduma anawajibika kutunza siri yako. Ikihitajika, utapewa rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Musoma, na kutoka hapo kwenda Bugando, Mwanza. Madaktari bingwa wa mfumo wa mkojo wanapatikana pia KCMC, Moshi, na Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam.

Katika kipindi cha maumivu, daktari anaweza kukupa dawa za kawaida za kutuliza maumivu na kukuangalia kwa muda. Wengi wenye kupinda kidogo, wanaoweza kuendelea na maisha ya ndoa, hawahitaji tiba zaidi ya kuelezwa ukweli na kutulizwa. Vitamini E na vidonge vya mafuta ya samaki, ambavyo huuzwa kwa ahadi nyingi, havipendekezwi na mwongozo uliotajwa hapo juu, kwa sababu havikuonyesha faida.

Ipo sindano ya kimeng'enya cha kuyeyusha kovu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ambayo huwasaidia baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa vizuri. Ni ghali, na inapaswa kuchomwa na daktari aliyefunzwa. Mtu akikuambia anayo sindano hiyo dukani, usikubali.

Kwa aliyepinda sana kiasi cha kushindwa tendo la ndoa, tiba yenye matokeo ya uhakika zaidi ni upasuaji. Hufanywa baada ya ugonjwa kutulia, si wakati umbo bado linabadilika. Upasuaji nao una bei yake mwilini: uume unaweza kupungua urefu, ganzi inaweza kutokea, na aina nyingine za upasuaji zinaweza kudhoofisha nguvu za kusimama. Daktari mwaminifu atakueleza hayo kabla hujatia saini.

Usijaribu kuunyoosha uume kwa nguvu za mikono, wala usimruhusu mtu yeyote aufanyie hivyo au auchanje. Utando ukipasuka, husikika mlio, uume hulegea ghafla na kuvimba. Hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Vivyo hivyo, uume ukisimama kwa zaidi ya saa nne bila kulala, usingoje asubuhi.

Maswali ya kumuuliza anayekuuzia tiba ya mawimbi

Kwanza: nani amenipima na kuthibitisha kwamba nina ugonjwa wa Peyronie? Jina lake na namba ya usajili wake katika Baraza la Madaktari Tanganyika ni ipi?

Pili: kituo hiki kimesajiliwa na Wizara ya Afya? Hati ya usajili inapaswa kuwa mahali inapoonekana.

Tatu: mashine hii imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na imesajiliwa kwa matumizi gani? Swali hili ni muhimu. Mashine inaweza kuwa na usajili halali kwa maumivu ya misuli, na usajili huo hauthibitishi kwamba inanyoosha uume. Cheti ukutani kisomwe hadi mstari wa mwisho.

Nne: unaniahidi nini hasa? Ni kupunguza maumivu, au ni kunyoosha? Mwombe aandike jibu lake na kulitia saini. Mwenye ahadi ya mdomo tu atasita, na kusita kwake ni jibu.

Tano: bei yote ni kiasi gani, kwa vipindi vyote, na nikikatisha katikati nitarudishiwa nini? Usilipe vipindi vyote kwa mkupuo. Dai risiti ya EFD kwa kila malipo. Ikiwa una kadi ya bima, uliza kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, si kwa mwenye kliniki, kama huduma hiyo inalipiwa.

Haki zako na mahali pa kulalamika

Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, inasimamia vifaa tiba na matangazo yake. Ukishuku kwamba kifaa hakijasajiliwa, au kimekudhuru, au kinatangazwa kwa sifa za uongo, toa taarifa kwa mfamasia wa wilaya, kwa mganga mkuu wa wilaya, au kwa ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iliyopo Mwanza. Udanganyifu katika biashara unashughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mwenendo wa daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na wa mganga wa tiba asili hupelekwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Tunza risiti, tangazo, ujumbe wa simu na karatasi yoyote uliyopewa. Huna haja ya kueleza maradhi yako mbele ya watu ili usikilizwe, kwani malalamiko yanaweza kuandikwa na kukabidhiwa katika bahasha iliyofungwa.

Aibu ndiyo mtaji mkubwa wa wauza tiba zisizo na uthibitisho. Mteja anayeona aibu haulizi maswali, hadai risiti, na akipoteza fedha hasemi. Ugonjwa huu unajulikana, una jina, una madaktari wake, na wengi wanaoupata huendelea kuishi vizuri na wenzi wao. Muone daktari kwanza. Ikiwa baada ya hapo utachagua mawimbi ya mshtuko kwa ajili ya maumivu, utakuwa umechagua ukijua unalipia nini.